Nani Alimjibu Uhura?



Jumamosi moja usiku tulikuwa watu sita kwenye chumba cha watu wawili hapa Academic City, Dubai, tukisubiri mpira. Mpira ukagoma kufunguka. Jamaa mwenye kompyuta akasema basi tuangalie chochote, akaweka Star Trek ile ya zamani kabisa, ya miaka ya sitini, yenye vitufe vya rangi kama pipi. Tukamzomea. Dakika hamsini baadaye mpira tulikuwa tumeusahau. Naomba niwasimulie tulichokiona, halafu niseme kilichonikera, maana tangu siku ile sijatulia.

Sehemu yenyewe inaitwa "The Changeling". Ilirushwa Marekani tarehe 29 Septemba 1967, mwandishi ni John Meredyth Lucas na mwongozaji ni Marc Daniels. Kapteni Kirk na chombo chake, Enterprise, wanafika mahali ambako watu bilioni nne wameuawa, hakuna aliyebaki. Aliyewaua si jeshi. Ni dude moja dogo linaloelea hewani na kuongea kwa sauti ya mashine. Jina lake Nomad.

Polepole inajulikana kwamba dude hilo lilitoka hapa hapa Duniani. Lilirushwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 (kwa mtu wa 1967 hiyo ilikuwa mbali sana!) kwenda kutafuta viumbe wapya. Huko angani likaharibika, likakutana na mtambo wa kigeni uliotumwa kuchukua udongo na kuua vijidudu vyake. Viwili vile vikaungana, na kazi zao zikachanganyika. Badala ya kutafuta uhai, sasa linatafuta uhai usio na kasoro, na chochote chenye kasoro linakifuta. Kirk anapona kwa bahati tu: aliyeliunda aliitwa Jackson Roykirk, kwa hiyo dude linadhani Kirk ndiye muumba wake.

Sasa sikilizeni. Kwenye chumba cha usukani yuko Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, Mwafrika. Anaimba huku anafanya kazi. Dude linamsikia, linamfuata, linataka kujua muziki ni kitu gani. Halafu linamfyonza kila kilichomo kichwani. Fundi Scotty anaruka kumwokoa, anauawa papo hapo. Kirk analiamuru dude limtengeneze Scotty, na kweli linamfufua, anaamka kama katoka usingizini. Haya, na yule dada je? Haiwezekani. Mwili unatengenezeka, lakini kumbukumbu zikishafutwa ndiyo basi.

Daktari McCoy anasema ubongo wenyewe haujaumia, kwa hiyo anaweza kufundishwa upya. Ndipo tunamwona Uhura mbele ya muuguzi Chapel, anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, mambo ya mbwa na mpira, neno moja moja. Anakwama. Anakasirika. Na ghafla kinamtoka Kiswahili.

Jamani, chumba kizima kilipiga kelele. "Rudisha! Rudisha nyuma!" Tukarudisha mara tatu. Lafudhi ni ya mtu aliyekariri, na haishangazi: Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, alizaliwa Robbins, Illinois, karibu na Chicago, si Lamu. Lakini ni Kiswahili, kwenye televisheni ya Marekani, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha.

Mwisho wake ni huu. Kirk analishinda dude kwa hoja: mimi si muumba wako, umekosea, na wewe unasema chenye kosa kifutwe. Dude linachanganyikiwa, linatupwa nje, linalipuka. Kisha McCoy anatangaza kwa furaha kwamba Uhura ameshafika kiwango cha chuo, na ndani ya wiki atarudi kazini. Hapo tulicheka sana. Wengine humu tuko mwaka wa nne na hicho kiwango bado tunakisikia kwa jirani.

Baada ya hapo wenzangu wakaanza kujisifu. "Mmeona? Lugha yetu haifutiki! Wamemfuta kila kitu, Kiswahili kimebaki!" Mimi nikanyamaza, maana nilikuwa nimeona kitu kingine. Uhura aliongea Kiswahili na hakuna aliyemjibu.

Hebu iangalie tena scene ile. Chombo kina watu mia nne na ushee. Mgonjwa ambaye wote wanadhani amebaki mtupu anafungua mdomo na kutoa lugha nzima. Mtu mwenye akili zake angeshtuka: kumbe huyu hajafutwa wote, kumbe kuna mlango umebaki wazi, mtafuteni mtu amsemeshe! Hakuna. Somo linaendelea kwa Kiingereza, na hesabu ya kupona kwake inaanzia pale Kiingereza kinaporudi. Kiswahili chake kinachukuliwa kama kikohozi: kimemtoka, kimepita.

Na si mara ya kwanza. Tulitafuta sehemu nyingine, "The Man Trap", ya kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966. Humo kuna kiumbe kinachoishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu, na kinaweza kujigeuza sura ya yeyote unayemtamani. Kwa Uhura kinakuja kama kijana mweusi, mtanashati, na kinamsemesha Kiswahili. Dada wa watu anasimama, analegea, karibu anase. Kwa hiyo katika sehemu hizi mbili, aliyemsemesha Uhura lugha yake ni zimwi, na lilikuwa linataka chumvi yake.

Siandiki haya kuwatukana waliotengeneza tamthilia ile. Kwa wakati wao walithubutu. Jina lenyewe Uhura limetoka kwenye neno letu uhuru. Nichols mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya iitwayo Uhuru mkononi, na jina likaanzia hapo. Na mambo yamesogea. Katika Strange New Worlds, iliyoanza 2022, Uhura ni binti kutoka Kenya anayejua lugha 37. Sawa. Ila mimi shida yangu si ya angani, ni ya hapa Dubai.

Nenda Deira, ingia Naif. Utaitwa kwa Kiswahili kabla hujanyanyua macho. "Karibu dada! Bei poa! Kaka, njoo uone!" Muuzaji ni wa Karachi au Kerala, hajawahi kukanyaga Kariakoo, lakini ameuza mizigo kwa wafanyabiashara wetu hadi lugha imemkaa. Simlaumu hata kidogo, ni biashara, na wengine wamekuwa marafiki zangu. Ila nikitoka pale huwa najiuliza: wiki hii nzima, ni nani amenisemesha Kiswahili bila kutaka dirham zangu? Mara nyingi jibu ni nyumbani tu, kwenye simu. Humu chuoni, Watanzania watano tukikaa meza moja tunaongea Kiingereza, tena cha puani, eti tumezoea.

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani alishikwa na tumbo usiku. Tukampeleka hospitali, kumbe ni kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji. Alipotolewa nilikuwa nimeshuka chini kushughulikia karatasi za bima. Huyu ni kijana ambaye Kiingereza chake kinanizidi mimi na wewe. Lakini dawa ya usingizi ilikuwa haijamwisha, na kilichokuwa kinamtoka ni Kiswahili kitupu. Alikuwa anasema neno moja, anarudia: "Kichefuchefu. Kichefuchefu." Muuguzi, mtu mpole kabisa, alikuwa amemwinamia anamwomba aseme kwa Kiingereza. Sasa niambieni, ni nani duniani atakisia kichefuchefu? Na mtu anayetaka kutapika huku amelala chali, akili haijarudi sawasawa, si jambo la mchezo. Anaweza kupaliwa.

Niliporudi nilimkuta amegeuzwa ubavu, bakuli liko mdomoni, na aliyemshika kichwa ni bibi mmoja mwenye abaya nyeusi ambaye sikumjua. Alikuja kumwangalia mjukuu wake kitanda cha pili. Alikuwa anamwambia, "Tapika mwanangu, usione haya, tapika." Kiswahili cha Unguja, kile chenyewe. Yeye ndiye aliyemfasiria muuguzi.

"Shikamoo bibi," nikasema, maana sikuwa na lingine.

"Marahaba mwanangu. Mlikuwa wapi nyie? Mwenzenu analia peke yake."

Mnaijua historia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za Unguja na Pemba zilivuka kuja Ghuba. Nyingi zilikwenda Oman, hasa baada ya 1970, nyingine zikatua huku Imarati. Bibi yule ni wa hao. Amekaa Dubai zaidi ya nusu karne, na alipomsikia mtoto asiyemjua anaita kwa lugha yake, aliinuka. Sikumwuliza tulikuwa wapi sisi, kwa sababu swali lilikuwa la kwangu.

Kuna jambo lingine ambalo wale waliojisifu usiku ule inabidi walisikie. Si kweli kwamba lugha ya kwanza lazima ibaki. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alisema kumbukumbu za zamani ndizo zinazodumu, kwa hiyo mtu akiumia ubongo lugha ya utotoni ndiyo itakayobaki. Mwaka 1895 Mfaransa mwenzake, Albert Pitres, akasema hapana: inayorudi kwanza ni ile mtu aliyoizoea zaidi, aliyokuwa anaitumia kila siku. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba wagonjwa wengi lugha zao hurudi pamoja, na wengine hawafuati kanuni ya mtu yeyote. Yaani hakuna bima. Waandishi wa Star Trek walitupa hadithi ya Ribot, inapendeza. Lakini kama Pitres alikuwa na ukweli hata kidogo, basi meza yetu ile ya Kiingereza cha puani inatupunguzia akiba kila siku.

Najua kuna atakayesema, wewe Mtanzania umeanza tena na Kiswahili chako. Mganda ana Luganda yake, Mnyarwanda ana Kinyarwanda, Mkenya wa Kisumu atalia kwa Dholuo, Msomali kwa Kisomali. Kweli kabisa, na ndiyo hoja yangu. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na chama chetu kila mwaka tunaifanyia sherehe, pilau, kanga, picha. Nzuri. Lakini mgonjwa hajibiwi kwa pilau. Lugha inaishi pale mtu anapoita na mwingine akageuka.

Kwa hiyo naleta pendekezo, na naomba uongozi ulijadili, msilipige chenga. Tubandike karatasi moja kwenye ubao wa chama: jina, lugha unayoijua vizuri, na siku unazoweza kupigiwa simu, hata usiku wa manane. Mwanachama akilazwa, akikwama uwanja wa ndege, akifiwa na maneno ya Kiingereza yakamwishia, tunajua nani aende. Hatuhitaji bajeti wala mgeni rasmi. Na kwa ajili ya mazoezi, mkutano mmoja kila mwezi tuufanye kwa lugha zetu, anayekwama asaidiwe, asichekwe. Mimi mwenyewe juzi nilitafuta neno la Kiswahili la "deadline" dakika nzima na nikashindwa, kwa hiyo wa kwanza kusaidiwa ni mimi.

Mwenzangu alipona, na amerudi kwenye Kiingereza chake kizuri. Nilipomsimulia yaliyotokea hakukumbuka chochote, wala bibi, wala bakuli. Alichouliza ni kimoja: "Kwani nilikuwa nasema nini?" Nikamwambia. Akacheka, halafu akakaa kimya kidogo, akasema, "Na kama yule bibi asingekuwepo?"

Karatasi nimeshaichapa. Mstari wa kwanza ni wangu: Kiswahili na Kisambaa, siku zote, simu iko wazi. Mstari wa pili ameandika yeye. Mistari iliyobaki iko mitupu, na Jumamosi nakuja nayo mkutanoni pamoja na kalamu.

Wasalaam.