Kadi ya Kura Haikuandikishi Mtaani

Uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania Bara ulifanyika Novemba 27, 2024, na kwa utaratibu wa kila miaka mitano, unaofuata utakuwa mwaka 2029. Katika kipindi hiki cha katikati, mambo yasiyo sahihi husemwa na kurudiwa hadi watu wakayachukua kama sheria. Yanasemwa kwenye daladala, saluni na vijiwe vya bodaboda, na mengine husemwa na viongozi majukwaani. Nayajibu hapa kwa sababu yanawanyima watu haki yao miezi mingi kabla ya siku ya kura.

La kwanza ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote: "Mimi nina kadi ya mpiga kura, sina haja ya kujiandikisha tena."

Unayo haja. Kadi hiyo hutolewa na Tume ya Uchaguzi, na maana yake ni kwamba jina lako limo katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Daftari hilo hutumika kuchagua rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa mtaa, wa kijiji au wa kitongoji hachaguliwi kwa daftari hilo. Huchaguliwa kwa orodha nyingine, inayoandikwa upya kila uchaguzi chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mwaka 2024 orodha hiyo iliandikwa kwa siku kumi, Oktoba 11 hadi 20. Aliyekosa siku hizo alikosa kura, hata kama ana kadi tatu za chaguzi zilizopita ndani ya sanduku.

Mkanganyiko huu una chanzo chake, na si ujinga wa wananchi. Julai 20, 2024 Tume ilianza kuboresha Daftari la Kudumu, ikianzia Kigoma na kwenda mkoa kwa mkoa hadi ikamalizia Dar es Salaam mwaka 2025. Katikati ya zoezi hilo likaingia zoezi la TAMISEMI. Kwa hiyo mtu aliyepanga foleni Julai au Agosti, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole na kukabidhiwa kadi mpya, aliambiwa Oktoba aende tena kujiandikisha. Alikuwa na kila sababu ya kudhani wamekosea. Safari hii hakukuwa na mashine wala kadi: karani na kitabu tu, jina, umri, jinsia na saini. Ukiondoka pale hukuwa na kitu mkononi cha kukuonyesha kwamba umeandikishwa. Ushahidi wako ulikuwa orodha iliyobandikwa baadaye ukutani ili watu waikague, na ni wangapi walirudi kuitazama?

Kutoka hapo tunafika kwenye dai la pili, ambalo hupendwa na viongozi: "Tuliandikisha asilimia 94.83, mwamko ni mkubwa."

Hesabu yenyewe ni sahihi. Serikali ilitangaza kwamba wameandikishwa watu 31,282,331 kati ya 32,987,579 waliokadiriwa kuwa na sifa. Mwaka 2019 walitangazwa zaidi kidogo ya milioni 19 na nusu, takriban asilimia 86 ya lengo la wakati huo. Lakini tusome vizuri kinachopimwa. Namba ya chini katika hesabu hii ni makadirio yaliyotokana na sensa, na namba ya juu ni jumla ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono katika maelfu ya vituo. Daftari la Tume lina alama za vidole zinazoweza kumnasa aliyejiandikisha mara mbili. Kitabu cha mtaani kinategemea macho ya karani na majirani. Ndiyo maana vyama vya upinzani vilipolalamika kwamba yameingizwa majina ya watoto na ya watu wasiokuwepo, na serikali ikakanusha, mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kuhakiki zaidi ya ule ukuta wenye orodha.

Tena, kuandikishwa si kupiga kura. Katika uchaguzi mkuu wa 2020 daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 29, na waliopiga kura walikuwa takriban milioni 15, sawa na nusu. Kwa Novemba 2024 serikali ilitangaza kwamba takriban asilimia 86 ya walioandikishwa walipiga kura. Sitaki kuipuuza namba hiyo. Ninachokitaka ni kuiona ikishushwa hadi chini: mtaa wangu waliandikishwa wangapi, walipiga wangapi, ziliharibika ngapi. Asilimia ya taifa zima haimsaidii mtu wa Mbagala kujua kilichotokea Mbagala. Uchaguzi wa ngazi ya mtaa unapaswa kuhesabika mtaani.

La tatu: "Vijana ni wavivu, wako tayari kupanga foleni ya tamasha lakini si ya kura." Nimelisikia mno hili, na linaniumiza, kwa sababu wanaolisema mara nyingi wamekaa nyumba moja miaka ishirini. Sharti la orodha ya mtaa ni ukazi. Unaandikishwa unapoishi, unapiga kura hapohapo. Sasa mchukue kijana wa miaka 22 aliyepanga chumba kimoja. Kodi ikipanda anahama, na mtaa wake mpya uko ng'ambo ya barabara. Kama alijiandikisha Oktoba akahama Novemba, kura yake ameiacha nyuma. Mwanafunzi wa chuo naye hugawanyika kati ya hosteli na nyumbani. Siku ya kura ilifanywa ya mapumziko, jambo jema kwa mwenye mshahara. Kwa dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, siku ya mapumziko ni siku ya kazi. Wapo vijana wasiojali, kama walivyo wazee wasiojali. Lakini huwezi kuita uvivu kitu ambacho kimesababishwa na kodi ya nyumba.

Dai la nne ni hili: "Mwenyekiti wa mtaa hana nguvu yoyote, anagonga mihuri tu."

Hapa nataka tukae kidogo. Anayesema hivyo ajaribu kumwekea ndugu yake dhamana polisi bila barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Ajaribu kuomba kitambulisho cha Taifa, kufungua mirathi, au kununua kiwanja ambacho hakijapimwa. Kwenye mauziano hayo ya viwanja mwenyekiti ndiye anayekaa na pande mbili na mashahidi wao, na saini yake ndiyo ambayo mnunuzi ataitoa miaka kumi baadaye mbele ya baraza la ardhi. Ukimchagua mtu asiye mwaminifu, kiwanja kimoja kitauzwa kwa watu wawili, na wote wawili watakuwa na karatasi yenye muhuri uleule.

Kijijini uzito unazidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti ndiye anayeongoza vikao hivyo. Mwekezaji akija kuomba ardhi, mwenyekiti anaweza kuitisha mkutano kama sheria inavyotaka, au akapitisha karatasi ya mahudhurio nyumba kwa nyumba na kuita hiyo muhtasari. Mapato na matumizi ya kijiji nayo husomwa kwenye mkutano huo, ikiwa utaitishwa. Wapo wanaosema mtendaji ndiye mwenye kazi. Mtendaji ni mwajiriwa, leo yupo, kesho amehamishwa. Uliyemchagua atabaki nawe miaka mitano.

"Kupiga kura kuna maana gani ikiwa mgombea ni mmoja?"

Dai hili lina ukweli ndani yake, na sitalijibu kijuujuu. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, Chadema, ACT-Wazalendo na vyama vingine vikajitoa, na CCM ikachukua karibu viti vyote. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalirudi, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji na mitaa. Mtu aliyeyaona hayo mara mbili ana haki ya kuchoka.

Hata hivyo, kukaa nyumbani si jibu. Kwanza, kwa kanuni za 2024 mgombea aliyebaki peke yake alipaswa kupigiwa kura za Ndiyo na Hapana. Hapana ni kura, na wengi hawakujua kwamba wanayo. Pili, pambano lenyewe hupotea mapema: kwenye fomu, uteuzi na mapingamizi, wiki kadhaa kabla ya kampeni. Majirani wanaokwenda ofisi ya kata siku ya uteuzi kuuliza kwa nini jina fulani halimo wana nguvu zaidi ya wale wanaokasirika siku ya matokeo. Na tatu, sheria inamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Mzee anayeheshimika mtaa mzima, asiye na kadi ya chama chochote, haruhusiwi kugombea hata kitongoji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Juni 14, 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba wa Afrika. Na ni kitongojini ambako mgombea binafsi angekuwa na maana kubwa zaidi, kwa sababu huko watu huchagua mtu wanayemjua kwa tabia yake.

La mwisho ni fupi: "Siku hizi Tume Huru ndiyo inayosimamia." Bado. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 imeitaja kazi hiyo, lakini kwa utaratibu utakaowekwa na sheria ya Bunge. Uchaguzi wa Novemba 2024 uliendeshwa kwa kanuni za Waziri wa TAMISEMI. Sheria hiyo ya utaratibu ikitungwa kabla ya 2029, na ikaruhusu Daftari la Kudumu litumike hadi kitongojini, yule mwenye kadi sandukuni hatalazimika kupanga foleni mara mbili. Mbunge wako anaweza kuulizwa leo amefikia wapi na jambo hilo.