ANAYEPIMA ARUDISHE MAJIBU



Wataalamu wa sayansi hulalamika kwamba watu hawawaamini, ya kuwa watu wapenda uvumi kuliko ukweli. Sisi twasema kwamba mfanya kazi si mjinga. Akija mtu na sindano akatoa damu, au akaweka mashini ya kupima vumbi, kisha akaenda zake asirudi tena, watu waseme nini? Zamani katika miji yetu watu walinong'ona habari za mumiani, wanyonya damu. Uvumi ule haukuwa kweli, lakini hofu kama ile hukua pale damu inapochukuliwa na habari isirudi.

Natutazame jambo moja lililotukia Marekani, maana lawahusu watu wa kazi kama sisi.

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi, halishiki moto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi ambayo huweza kukawia miaka 20 au 30 kabla ya kuonekana. Katika miaka ya 1930 makampuni ya asbesto yalilipia uchunguzi katika maabara ya Saranac Lake, jimbo la New York, kwa sharti kwamba majibu yatakuwa mali ya wenye kulipa. Basi wenye fedha wakawa na habari, na wenye mapafu hawakuambiwa.

Baadaye daktari mmoja, Irving Selikoff, aliona wagonjwa wake waliofanya kazi ya asbesto wakizidi kudhoofika. Alikwenda kwa chama cha wafanya kazi wanaofunika mabomba ya moto kwa asbesto. Daftari la chama lilikuwa na majina ya wanachama, tarehe walizojiunga, na habari za waliokufa. Akahesabu wanachama 632 walioingia kazini kabla ya 1943. Kama wangekuwa watu wa kawaida, wangetazamiwa kufa kwa kansa ya mapafu sita au saba. Waliokufa walikuwa 45. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1964, na makampuni hayakuweza tena kuizika.

Ndugu, angalieni: bila daftari la chama, hesabu ile isingepatikana. Mtaalamu alileta elimu yake, wafanya kazi wakaleta kumbukumbu zao. Tena hesabu yenyewe ni nyepesi, hata mtu ambaye hakuenda shule aweza kuifahamu: saba walitazamiwa, 45 walikufa.

Tena hakuwapendeza wafanya kazi kwa maneno matamu. Mwaka 1968 yeye na mwenzake Hammond walitangaza kwamba mfanya kazi wa asbesto anayevuta sigara yumo katika hatari kubwa sana kuliko mwenziwe asiyevuta. Neno hilo lilikuwa chungu, na tajiri angeweza kulitumia kuwalaumu wafanya kazi. Lakini lilikuwa kweli, na lilisemwa. Anayekuambia hata lile usilolipenda ndiye utakayemwamini siku nyingine.

Hapa kwetu paa za asbesto zingali juu ya nyumba nyingi za zamani, na mafundi huzibomoa. Wengine wetu wala vumbi la mawe, la saruji na la katani, na wengine wanyunyiza dawa mashambani. Wataalamu watakuja kutupima, na yafaa waje. Lakini twataka haya:

1. Aseme tangu mwanzo ni nani anayemlipa.
2. Majibu ya damu yangu nipewe mimi, kwa siri yangu. Majibu ya vumbi la kiwanda waambiwe wote wanaolivuta, si meneja peke yake.
3. Aeleze kwa Kiswahili chepesi, na angoje maswali.
4. Lile asilolijua aseme halijui. Hatutamdharau kwa hilo.

Mahali pa kuyadai papo. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kamati hiyo isiwe ya kunywa chai tu. Na sisi pia tuna wajibu: tuhudhurie, tuulize, tutunze daftari zetu vizuri, wala tusieneze maneno ya vichochoroni.

Kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao, na liulize: kati yetu ni nani aliyepimwa na hajapata majibu? Majina yaandikwe.