GIA BOKSI ISIFUNGULIWE KABLA YA KUPIMWA

Magari ya dizeli yenye gia za otomatiki, yaliyotengenezwa Japani na Ujerumani katika miaka ya 1980 na 1990, bado yamo kazini katika Wilaya ya Muleba. Yanapanda vilima vya Ijumbi, yanateremka mialoni, na ndiyo yanayokodiwa usiku mgonjwa kutoka Bumbire, Ikuza au Goziba anaposhushwa mtumbwini na kutakiwa afikishwe hospitali ya Rubya. Yana ugonjwa mmoja ambao kila dereva anaufahamu: gia inapobadilika gari hushtuka kwa kishindo, mithili ya kitu kilichopigwa teke kwa nyuma. Tunaandika leo si kwa sababu ya kishindo chenyewe bali kwa sababu ya hukumu inayotolewa juu yake kwa haraka mno. Fundi huendesha gari hatua chache, hutikisa kichwa, na kutamka kwamba gia boksi imekufa.

Hukumu hiyo humwangukia kwa uzito zaidi mwananchi wa visiwani. Yeye yuko ziwani na gari amelikabidhi kwa dereva huku bara. Hawezi kulisikia wala kulitazama. Hupigiwa simu, hutajiwa bei ya gia boksi ya mtumba, naye hutuma fedha alizozichuma kwa nyavu. Gia boksi hiyo nayo imetolewa katika gari jingine la umri uleule, na sababu ya kutolewa kwake haijulikani. Kama chanzo cha kishindo hakikuwa ndani ya gia boksi ya kwanza, basi kishindo kitaendelea na ya pili, na fedha zitakuwa zimekwisha.

Yafaa ieleweke kazi inavyofanyika. Gia boksi ya otomatiki hubadili gia kwa nguvu ya oili, ambayo husukumwa na pampu ili ibane sahani za klachi zilizomo ndani. Nguvu hiyo ikizidi, sahani hubanana ghafla na gari likashtuka. Ikipungua, sahani huteleza, hupata moto na kuungua. Kwa hiyo gia boksi ni lazima ipewe habari wakati wote: dereva amekanyaga mafuta kidogo au amekanyaga mno? Injini ya petroli hutoa habari hiyo kwa urahisi, kwa sababu yenyewe hufyonza hewa kwa nguvu inayobadilika kila mlango wa hewa unapofunguka au kufungwa. Injini ya dizeli ya kizamani haina mlango wa namna hiyo. Watengenezaji walilazimika kubuni njia nyingine, na njia hizo, ambazo ziko nje ya gia boksi, ndizo zinazochakaa.

Tuanze na Mercedes-Benz, gari ambalo liliwapa wakubwa wa enzi fulani jina la Wabenzi na ambalo leo wengi wanaolimiliki ni watu wa kawaida kabisa. Katika 300D ya aina ya W123, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, pampu ndogo ya kufyonza hewa imefungwa kwenye injini. Pampu hiyo moja inahudumia busta ya breki, kifaa cha kuzima injini, vitasa vya milango, na kifaa kilichoko ubavuni mwa gia boksi ambacho hulainisha mabadiliko ya gia. Mpira mmoja ukipasuka popote, hata ndani ya mlango wa nyuma, nguvu ya kufyonza hupungua kote, na gia boksi ikikosa nguvu hiyo hupandisha shinikizo la oili. Ndiyo maana kishindo cha gari hili aghalabu huja na mwenzake: dereva anageuza ufunguo kuzima, na injini inaendelea kunguruma. Fundi aliyeyaona yote mawili hana sababu ya kugusa gia boksi. Azibe kwanza tawi la hewa linalokwenda milangoni, kisha aendeshe tena. Gia zikilainika, uvujaji uko huko. Zisipolainika, auchomoe mpira ulio kwenye gia boksi na kuuchungulia. Akikuta oili nyekundu ndani yake, utando wa kile kifaa cha ubavuni umechanika, na kifaa hicho hubadilishwa kwa nje bila gia boksi kuteremshwa.

Toyota, ambazo ni nyingi zaidi kwetu, zina njia yake. Katika nyingi za miaka ile kuna waya unaotoka kwenye mtambo wa pedeli ya mafuta hadi kwenye gia boksi. Waya ukikazwa kupita kiasi, gia huchelewa kuingia na huingia kwa kishindo. Hapa pana hatari ambayo tungependa kila mwenye gari aijue. Wapo mafundi ambao, ili kumfurahisha mteja, huulegeza waya huo mpaka gari linatembea kwa ulaini wa kupendeza. Mteja hulipa na kushukuru. Kumbe shinikizo limeshushwa chini ya kiwango, sahani zinateleza kila mlima, na gia boksi iliyokuwa nzima inaungua polepole. Waya hurekebishwa kwa kipimo cha kitabu cha gari, si kwa sikio. Na pale ambapo kompyuta ndiyo inayosimamia gia, taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe ni ishara kwamba kompyuta imeona kasoro. Isomwe kabla ya spana kushikwa.

Kuhusu oili hatuna maneno mengi. Katika magari haya hupimwa injini ikiwa ya moto na inanguruma, gia ikiwa P, gari likiwa mahali tambarare, jambo ambalo kwa milima yetu lahitaji kutafutwa. Oili iliyozidi ina madhara kama iliyopungua, na ya aina isiyotajwa kitabuni isimiminwe. Kishindo kinachotokea pale tu gia inapotiwa D au R mara nyingi ni cha mzunguko wa injini uliopandishwa mno, au mipira ya kubebea injini iliyokufa, au krosi za propela shafti zilizolegea.

Hatusemi kwamba gia boksi haifi. Oili iliyogeuka nyeusi na kunuka kuungua, au injini inayopaa kwa kelele huku gari haliongezi mwendo, ni dalili za maradhi ya ndani, na hapo kufungua ni halali.

Kwa maofisa tuna ombi mahsusi. Land Cruiser za gia za mkono hazimo katika hoja hii, lakini yapo magari ya otomatiki pia katika mikono ya umma, na gari la umma ni amana. Matengenezo yake yapo chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, tangu ulipoanzishwa mwaka 2005. Kila ombi la gia boksi linaloletwa mezani kutiwa saini liambatane na karatasi ya vipimo: hali ya oili, shinikizo lake kwa geji, hali ya waya au mipira ya hewa. Ombi lisilo na karatasi hiyo lirudishwe lilikotoka.

Ndugu zetu wa visiwani hawana meza ya kurudishia karatasi, lakini simu wanayo. Kabla ya kutuma fedha wamwulize dereva: gari linashtuka likiwa baridi, likiwa la moto, au wakati wote? Linashtuka kwa gia moja au kwa zote? Oili ina rangi gani? Ukilizima, linazimika mara moja? Majibu hayo yapatikane kwanza, ndipo bei itajwe.