Mashindano ya anga za juu: nani ataongoza kesho, na Congo imesimama wapi?

Marekani na China zinashindania mwezi. Marekani, kwa mpango wake unaoitwa Artemis, inataka kurudisha watu kule ilikofika mara ya kwanza mwaka wa 1969. China nayo imesema itafikisha watu wake kabla ya mwaka wa 2030 kwisha. Hapa Goma habari hizi zinasikilika kama mambo ya inchi za mbali zenyi makuta mingi. Lakini zinagusa vitu viwili ambavyo kila mkaaji wa mji huu anavijua: coltan ya Rubaya na volkano Nyiragongo.

Wakubwa wa leo

Kwa miaka mingi mashindano yalikuwa ya watu wawili: Urusi na Marekani. Leo meza imepanuka. China ina kituo chake chenyewe angani, Tiangong, na mwezi wa sita 2024 chombo chake Chang'e-6 kilileta duniani udongo kutoka upande wa mwezi usioonekana kutoka huku. Hakuna inchi nyingine iliyowahi kufanya hivyo. India ilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 mwezi wa nane 2023. Siku chache mbele yake, chombo cha Urusi, Luna-25, kilikuwa kimeanguka na kuvunjika kikijaribu kutua upande huo huo. Yule aliyekuwa wa kwanza jana si lazima awe wa kwanza kesho.

Jambo lingine limebadilika: siku hizi si serkali peke yake. Kampuni ya SpaceX ya Marekani inarusha roketi nyingi kuliko inchi yoyote. Kampuni hiyo hiyo ndiyo mwenyi Starlink, intaneti ya satelaiti ambayo Kinshasa iliikataza mwaka wa 2024, kisha ikaipa ruhusa mwaka wa 2025.

Roketi zilizoruka Shaba

Vijana wengi hawajui kama Congo iliwahi kuwa inchi ya roketi. Wakati wa Mobutu, kampuni ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilipewa eneo kubwa sana huko Shaba, yaani Katanga, kwenye nyanda za juu karibu na mto Luvua. Roketi ya kwanza iliruka mwezi wa tano 1977. Mwaka uliofuata Mobutu mwenyewe alienda kutazama, na siku hiyo roketi ikashindwa mbele ya macho yake.

Urusi na inchi jirani zililalamika, zikisema huenda pale panatengenezwa silaha. Mwaka wa 1979 Mobutu akafunga kazi, na kampuni ikahamia Libya. Congo ilitoa ardhi, lakini haikubaki na kiwanda wala roketi ya kwake.

Walijaribu pia Wacongomani wenyewe. Karibu na Kinshasa, huko Menkao, injinia Jean-Patrice Keka alitengeneza roketi za Troposphere. Ile ya tano, mwaka wa 2009, ilibeba panya ndani yake, ikapotea njia na kuanguka. Mwaka wa 2012 serkali ilisaini mkataba na kampuni ya China kwa satelaiti ya mawasiliano, CongoSat. Satelaiti hiyo haikurushwa.

Majirani wanafanya nini?

Kenya ilianza kama Congo, kwa kukopesha mahali. Waitalia walijenga kituo cha kurusha roketi baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliruka pale satelaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Lakini ilibidi kungoja hadi mwezi wa nne 2023 ndipo Kenya irushe Taifa-1, satelaiti yake ya kutazama mashamba, misitu na mafuriko. Tena iliruka kutoka California, juu ya roketi ya SpaceX.

Rwanda ilipata RwaSat-1 mwaka wa 2019, na Uganda PearlAfricaSat-1 mwaka wa 2022, zote kwa msaada wa Japani. Ni visanduku vidogo, si vya kwenda mwezini. Faida yake kubwa ni wale mainjinia vijana waliofundishwa kazi hiyo, wakarudi nyumbani. Kwa upande wa bara zima, Shirika la Anga la Afrika lilifunguliwa Cairo mwezi wa nne 2025.

Coltan inapanda, mchimbaji anabaki

Kutoka katika coltan inapatikana tantali, madini yanayotumika kutengeneza vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na satelaiti pia. Rubaya, katika Masisi, inahesabiwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Machimbo hayo yaliingia chini ya AFC/M23 mwaka wa 2024. Kobalti, inayotumika katika betri na injini za joto kali, zaidi ya nusu yake duniani inatoka Congo, upande wa Katanga.

Basi hakuna mkubwa wa anga asiyehitaji vitu vinavyotoka katika udongo wa inchi hii au inayofanana nayo. Lakini kuwa na udongo si kuwa na kiti mezani. Shaba ilionyesha hivyo kwa ardhi, Rubaya inaonyesha hivyo kwa madini.

Jicho linalotazama Nyiragongo

Hapo ndipo swali la nani ataongoza linageuka kuwa la uhai. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka bila wakaaji kuonywa. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wataalamu walisema baadaye kwamba mbele ya siku hiyo hata vipimo na satelaiti havikuonyesha dalili wazi. Siku zilizofuata ilikuwa tofauti. Matetemeko yaliendelea, na satelaiti za Ulaya zinazopiga picha kwa rada zilionyesha namna ardhi ilivyosogea: moto wa chini ulikuwa umepita chini ya mji hadi chini ya ziwa. Tarehe 27 gavana aliamuru kartie 10 kati ya 18 ziondoke, na mamia ya maelfu wakaenda Sake, Rutshuru na Gisenyi.

Picha hizo za Ulaya hazilipishwi. Mtu yeyote duniani mwenyi intaneti anaweza kuzichukua. Lakini kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimepoteza msaada wa Banki ya Dunia mwaka wa 2020, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata intaneti ya kupokea habari za vipimo vyake. Jicho lilikuwa angani bure, aliyepaswa kulisoma hakuwa na laini.

Kwa hiyo Goma haihitaji kungoja roketi ya Congo. Inahitaji intaneti isiyokatika katika OVG, mishahara inayolipwa kwa wakati, na wanafunzi wa jiolojia wanaojua kusoma picha ya rada bila kungoja barua kutoka Ulaya. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na roketi moja. Nyiragongo ililipuka mwaka wa 1977, 2002 na 2021, na yeyote atakayeongoza mji huu siku itakapolipuka tena ataulizwa kama kazi hiyo ilifanyika.