Joto la Ngozi si Joto la Mwili

Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, watu wengi wamezoea kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso mlangoni mwa shule, ofisi au uwanja wa ndege. Namba ikiwa 36, mtu huruhusiwa kupita. Ikiwa 38, huwekwa kando. Wengi huondoka hapo wakiamini kwamba joto la miili yao limepimwa. Imani hiyo haina budi kusahihishwa. Kilichopimwa ni joto la ngozi, na joto la ngozi na joto la mwili ni mambo mawili mbalimbali.

Joto ambalo uhai hulitegemea ni lile la ndani, yaani la moyo, ubongo, ini na viungo vinginevyo vya kifuani na tumboni. Kwa mtu mwenye afya joto hilo hukaa karibu na nyuzi 37 za sentigredi, likipanda na kushuka kidogo tu, awe kwenye baridi ya Njombe au kwenye joto la Tanga. Ngozi haina uthabiti huo, wala haitakiwi kuwa nao. Kazi yake mojawapo ni kutoa nje joto linalozidi, au kulizuia lisipotee. Kwa hiyo hubadilika kila mara kufuatana na jua, upepo, jasho na kazi.

Hatari ya kuchanganya mambo hayo mawili huonekana hasa homa inapoanza. Kila aliyepata kumwuguza mgonjwa wa malaria anafahamu jinsi mgonjwa anavyotetemeka na kuomba blanketi ilhali homa yake inapanda. Wakati huo mishipa midogo ya damu iliyo katika ngozi hujibana ili joto lisitoke. Ngozi hupoa, na huku ndani joto linazidi. Kipimajoto cha paji la uso, ambacho hupokea miale ya joto itokayo kwenye ngozi na kisha kukisia joto la ndani, kinaweza kumpitisha mtoto huyo kama mzima. Atakwenda darasani wakati alistahili kupelekwa zahanati. Kinyume chake, mwenzake mzima aliyetembea juani kwa saa nzima anaweza kuonekana ana homa akarudishwa nyumbani.

Je, inawezekana kulijua joto la ndani bila kuingiza kitu mwilini? Kwa muda mrefu madaktari waliotaka uhakika walilazimika kupitisha kipimo kooni hadi kwenye umio, katika njia ya haja kubwa, au hata katika mshipa mkubwa wa damu uendao mapafuni. Mwaka 1971, nchini Uingereza, wataalamu R. H. Fox na A. J. Solman walitangaza njia nyingine. Walichukua vipimajoto viwili vidogo, wakavitenganisha kwa kizuizi cha joto, wakaviweka juu ya ngozi, na juu yake wakaweka kipashajoto cha umeme. Kipashajoto hicho huongezewa nguvu mpaka vipimajoto vyote viwili vilingane.

Siri ya njia hiyo inaeleweka hata jikoni. Mpishi wa wali anapopalia makaa juu ya mfuniko, huziba njia ya joto kutokea juu. Vivyo hivyo, ngozi ikifunikwa kwa joto linalolingana na lililo chini yake, joto la mwili halina tena pa kutokea. Hapo ngozi iliyofunikwa hupanda hadi kukaribiana na joto la ndani, na kuipima ni sawa na kupima ndani.

Vifaa vya namna hiyo hutumika leo katika vyumba vya upasuaji, na faida ya uhakika huo si ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana ulionyesha kwamba, kati ya wale ambao miili yao iliachwa ipoe hadi karibu nyuzi 35, wagonjwa 19 katika kila 100 walipata uambukizo wa kidonda. Kati ya wale waliohifadhiwa joto lao walikuwa 6 tu. Tofauti ya nyuzi 2, ambayo mkono uliowekwa kwenye paji la uso hauwezi kuibaini, ilitosha kuleta madhara hayo.

Lakini njia hiyo hudai umeme, fedha na dakika kadhaa za kungoja. Haifai mlangoni mwa shule yenye wanafunzi 800. Basi hapana budi kila chombo kipewe kazi kinayoiweza. Kipimajoto cha paji la uso kiwe cha kuchuja tu, tena kivulini, baada ya mtoto kupumzika na kufuta jasho. Mwenye dalili apimwe tena kwapani kwa kipimajoto cha kawaida, bila haraka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatunza watoto wagonjwa huhesabu nyuzi 37.5 za kwapani au zaidi kuwa ni homa.

Wajibu huu hauwahusu waganga peke yao. Mtumishi anayeandaa orodha ya vifaa vya kununuliwa aulize kifaa kinapima nini, wapi, na kwa muda gani, kabla ya kuuliza bei. Mwalimu naye asiiamini namba kuliko mtoto aliye mbele yake. Mtoto anayetetemeka, aliyelegea na asiyetaka kula ni mgonjwa, hata kifaa kikisema 36.