Ajizi ni Nyumba ya Njaa: Methali Tunayowapigia Wagonjwa



Leo ninaanza kwa kuungama. Miaka saba iliyopita, nikiwa mwalimu mgeni kazini, niliandika neno moja katika ripoti ya msichana wa kidato cha tatu. Neno lenyewe lilikuwa "mvivu". Chini yake, kwa wino mwekundu na kwa fahari ya mtu anayedhani ametoa hekima, nikaongeza methali: Ajizi ni nyumba ya njaa.

Msichana yule alikuwa ameugua homa kali mwanzoni mwa muhula. Homa ilipoondoka, yeye hakurudi kuwa yule tuliyemzoea. Alisinzia katika kipindi cha kujisomea alfajiri. Alisahau leo aliyoyakariri jana. Siku za mchezo aliketi kando ya uwanja, amekumbatia magoti. Mwalimu wa zamu alipochoka kumwona ameketi, alimwamuru azunguke uwanja mara tano. Alizunguka. Keshoye aliinuka kwa taabu. Kesho kutwa hakuinuka kabisa. Muhula uliofuata hakurejea shuleni, na hakuna hata mmoja kati yetu walimu aliyeuliza amekwenda wapi.

Siwezi kusema msichana yule aliugua nini, kwa kuwa hapana aliyemchunguza. Ninachoweza kusema ni kwamba tulikuwa na hukumu kabla ya kuwa na swali. Nami nisingeujua uzito wa kosa hilo, lau miaka minne baadaye maradhi yenye sura ileile yasingebisha hodi nyumbani kwetu na kumlaza dada yangu mkubwa.

Dada yangu ni fundi cherehani. Kabla ya kuugua, alishona sare za shule nzima katika likizo moja, akiimba. Kisha akashikwa na mafua mazito, akapona, lakini nguvu hazikurudi. Katika zahanati ya kwanza alipewa dawa za malaria. Zilipomalizika bila nafuu, akapewa za homa ya matumbo. Kisha za malaria tena. Ilipita miaka miwili kabla hajampata daktari aliyekubali kuketi na kumsikiliza, aliyempima damu, tezi ya shingo, sukari, kifua kikuu na VVU, na alipoona vipimo vyote ni safi, hakusema, "Basi huna kitu." Alisema, "Una ugonjwa wa uchovu sugu."

Kwenu ninyi mnaojifunza Kiswahili, zingatieni neno "sugu". Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Ni kitu kisichotoka. Lakini hata jina hili halitoshi, kwa sababu linawafanya watu waseme, "Hata mimi huchoka!" Uchovu wenu na wangu huondoka kwa usingizi. Huu hauondoki. Mgonjwa hulala saa kumi akaamka kana kwamba amelima usiku kucha. Akisimama kwa muda, wengine moyo huwaenda mbio na kichwa huzunguka. Maneno humponyoka katikati ya sentensi. Juu ya yote, mwili humlipiza kisasi kwa kila shughuli iliyovuka kipimo chake, na kisasi hicho aghalabu hakiji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, au kesho yake, au kesho kutwa, na huweza kumweka kitandani kwa siku au majuma. Hiyo ndiyo alama kuu ya ugonjwa huu, na ndiyo inayowadanganya watazamaji. Wanamwona Jumamosi anacheka harusini. Hawamwoni Jumatatu ameufumba mlango na dirisha kwa sababu hata mwanga unamuumiza.

Wako watakaosema kwamba hizi ni dhana tu za mwalimu. Basi na waisikilize historia. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha ugonjwa huu miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa neva tangu mwaka 1969. Mwaka 2015, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti ikitamka kwamba huu ni ugonjwa mzito wa mwili mzima, ikakadiria kwamba Wamarekani kati ya 836,000 na milioni 2.5 wanao, na kwamba angalau robo ya wagonjwa hufungiwa nyumbani au kitandani katika kipindi fulani cha maradhi yao. Wanawake huupata kuliko wanaume. Mara nyingi huanza baada ya maambukizi, na baada ya UVIKO-19 dunia imeshuhudia watu wengi ambao virusi viliwaacha lakini udhaifu wa namna hii ukabaki.

Hata hivyo, sitaki mdhani kwamba dharau hii ni yetu sisi Waafrika peke yetu. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free mjini London, wafanyakazi karibu 300 waliugua kwa miezi michache, na hospitali ikafungwa. Miaka 15 baadaye, madaktari wawili wa akili, wakitegemea majalada ya zamani, waliandika kwamba ule haukuwa ugonjwa bali taharuki ya kundi. Miongoni mwa hoja zao ilikuwa kwamba wengi wa waliougua walikuwa wanawake. Tazameni hoja hiyo! Mwanamke akiugua, ugonjwa wake ni ushahidi kwamba haugui.

Baadaye Uingereza ikafuata njia nyingine ya kutowasikiliza. Kwa miaka mingi mwongozo wa tiba uliagiza wagonjwa waongezewe mazoezi hatua kwa hatua, kwa imani kwamba tatizo lao ni mwili uliozoea kulala. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 ukatumiwa kuitetea imani hiyo. Wagonjwa walilalamika kwamba mazoezi yanawadhoofisha zaidi, wakaitwa wabishi. Mwaka 2016 baraza la sheria liliamuru takwimu za utafiti ule zitolewe, na wachambuzi huru walipozipitia walikuta madai ya kupona yametiwa chumvi. Hatimaye, Oktoba 2021, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya tiba nchini humo iliondoa mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba, ikashauri badala yake mgonjwa asaidiwe kuishi ndani ya kipimo cha nguvu zake. Wagonjwa walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Ile mizunguko mitano ya uwanja tuliyompa msichana yule ilikuwa, kwa maneno mengine, tiba ya kale ya Waingereza iliyokwisha kutupwa jalalani, ila sisi tuliitoa bila hata cheti cha daktari.

Kuishi ndani ya kipimo ni nini? Njooni nyumbani kwa dada yangu mjionee. Anaoga ameketi juu ya kigoda. Ndizi anamenya ameketi mkekani, na humenya jioni zile za kesho. Dumu la lita 20 haligusi. Ana kidumu cha lita tano, na mtoto wa jirani humtekea maji kwa ujira mdogo. Nguo hazifui zote kwa siku moja: leo gauni mbili, keshokutwa shuka. Cherehani huikanyaga kwa dakika 15, kisha hulala macho yamefumbwa hata kama hajachoka, kwa maana amejifunza kwamba akingoja kuchoka amekwisha kuchelewa. Ana daftari, na humo huandika alichofanya na jinsi mwili ulivyojibu siku mbili baadaye. Mpaka wake anaujua kama mkulima anavyoujua mpaka wa shamba.

Wanafunzi wangu, huyo ndiye jirani zetu wanamwita mvivu. Mimi nimeishi na watu wazima wenye afya wasioweza kuitunza akiba ya pesa kwa wiki moja, naye anatunza akiba ya pumzi kila saa. Wahenga walisema chovyachovya humaliza buyu la asali. Yeye hana buyu, ana kijiko. Na katika kijiko hicho lazima apike, aoge, ashone na azungumze nasi. Mnapomwomba "ajitahidi kidogo tu", mnamwomba achovye asali ya kesho.

Sasa nizijibu hoja tatu ninazozisikia kila mara katika chumba cha walimu.

Ya kwanza: "Tukiwaamini hawa, kila mvivu atajifanya mgonjwa." Mvivu hukimbia kazi, lakini mchezo haukimbii. Mgonjwa huyu hukosa vyote viwili. Dada yangu hakuhudhuria sherehe ya kwanjula ya mdogo wetu, sherehe ambayo gomesi zake alizishona kwa mikono yake mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miezi minne. Alilia siku nzima. Nani amemwona mvivu akililia kukosa ngoma? Na hata kama mwongo mmoja atapita, ni heri mwongo mmoja apumzike kuliko mgonjwa mmoja avunjwe.

Ya pili: "Huu ni ugonjwa wa matajiri, maskini hana nafasi ya kuchoka." Maneno haya yana kweli nusu. Ni kweli maskini hana nafasi ya kupumzika. Lakini kukosa nafasi ya kupumzika si kinga ya ugonjwa. Ni sababu ya kuzidiwa nao. Tajiri ana bomba ndani, gari mlangoni na msaidizi jikoni. Mwanamke wa kijijini ana kisima bondeni, kuni msituni na mtoto mgongoni. Ikiwa hatuwasikii wagonjwa maskini, huenda ni kwa sababu hawana nguvu ya kupaza sauti.

Ya tatu: "Kazi haijamwua mtu." Mkisikia msemo huu, tazameni ni nani anausema. Kwa kawaida ni mtu ambaye kazi yake ni kuamuru. Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake.

Ninyi ni raia wa kesho, na blogu hii ni ya uraia kabla ya kuwa ya sarufi. Basi ijueni sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 30, inasema kila mtu ana haki ya elimu; na Ibara ya 35 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kulindiwa utu wao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inaueleza ulemavu kwa kutazama jinsi hitilafu ya mwili, akili au hisi, pamoja na vizuizi vya mazingira, inavyomzuia mtu kufanya shughuli za kila siku na kushiriki katika jamii sawa na wengine. Katika maelezo hayo hakuna sharti la gongo wala kiti cha magurudumu. Mtu ambaye kufua gauni mbili kunamlaza kitandani amezuiwa kiasi gani ndipo tumhesabu?

Ninachokidai hakihitaji mkopo wa benki ya dunia. Nadai kwamba mwalimu, kabla ya kuandika "mvivu", amwulize mwanafunzi aliyebadilika: "Ulianza lini kuwa hivi? Uliugua nini kabla ya hapo?" Nadai kwamba mgonjwa aruhusiwe kufika darasani baada ya kipindi cha alfajiri, asamehewe uwanja, apewe mapumziko katikati ya mtihani, na asihesabiwe siku za kitandani kama utoro. Nadai kwamba adhabu ya kuumiza mwili, ambayo Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imeikataza shuleni, isirudi kwa mlango wa nyuma ikiitwa mazoezi. Nadai kwamba mhudumu wa afya, vipimo vya malaria vikiwa safi, aendelee kutafuta badala ya kurudia dawa zilezile. Na waajiri wasimfukuze mtu anayeweza kufanya kazi nusu siku eti kwa sababu hawezi siku nzima.

Nirudi kwenye methali yangu. Neno "ajizi" lina asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu shina lake lina maana ya kushindwa, kutokuwa na uwezo. Lilipovuka bahari na kukaa kwetu, tukalisukuma hadi likawa uvivu. Waganda miongoni mwenu wanajua kwamba neno lao "obunafu" nalo hubeba udhaifu na uvivu kwa pamoja. Na "mlegevu" wetu je? Ni yule aliyelegea kwa maradhi, au aliyelegea kwa kupenda? Lugha zetu zimeweka watu wawili katika kibanda kimoja, nasi walimu tumekuwa tukiingia humo na fimbo bila kuangalia ni nani tunayempiga.

Sisemi methali ifutwe. Asiyetaka kulima atalala njaa, na ni haki aambiwe. Nasema tu kwamba anayeitumia awe na hakika kwamba aliye mbele yake hataki, wala si kwamba hawezi. Asipokuwa na hakika, na anyamaze, au aulize.

Msichana yule sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Ripoti yake huenda bado iko katika sanduku la mama yake, na ndani yake mwandiko wangu. Siwezi kuufuta wino ule. Lakini tangu siku dada yangu alipopewa jina la ugonjwa wake, neno "mvivu" sijaliandika tena katika ripoti ya mwanafunzi yeyote.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya asiyetaka na asiyeweza. Toa mfano mmoja kutoka kijijini au mtaani kwenu.
2. Tafuta katika lugha yako ya kwanza neno lenye maana ya udhaifu na uvivu kwa pamoja. Je, linatumiwa dhidi ya nani?
3. Mwandikie mkuu wa shule barua rasmi ukimwomba ampunguzie kazi mwenzako anayeugua maradhi yasiyoonekana kwa macho.

Mwalimu wenu.