Mganga akae jukwaani

Simba au Yanga ikitua Sokoine, Mbeya, hofu huanza kabla ya mpira. Mchezaji halali, kesho yake pasi fupi inamshinda. Na viongozi nao wanahangaika timu ipite geti gani!

Waulizwe Lipuli. Mei 2019, Samora, Iringa, vijana wa Selemani Matola waliichapa Yanga 2-0 nusu fainali ya Kombe la FA. Huifungi Yanga hivyo ukiwa unatetemeka. Fainali walilala 1-0 kwa Azam, ndiyo mpira.

Mbeya City nayo, 2013/14, mgeni kabisa Ligi Kuu, ikamaliza ya tatu.

Wachezaji waachwe wasali, mwenye sala na mwenye dua, moyo utulie, kisha kocha awape mbinu. Mganga akate tiketi kama shabiki mwingine.